Jumamosi Tunamleta

 

Leo naanza na tusi. Usimwondoe mtoto karibu na redio, ni tusi dogo, na huenda wewe mwenyewe umelitumia wiki hii: "Mwacheni huyo, kalelewa na bibi." Kijana akichagua chakula, kalelewa na bibi. Akilia kwa kusukumwa kidogo uwanjani, kalelewa na bibi. Mtu mzima, ana mke na watoto wawili, akisema leo haendi kazini kwa kuwa mvua inanyesha, wenzake kijiweni wanatikisa vichwa: bibi huyo.

Basi mimi nimelelewa na bibi, na ningependa sana kujua huyo bibi anayesemwa anakaa wapi. Wa kwangu alikuwa akiniamsha saa kumi na moja alfajiri nikachote maji, na ndoo ikirudi imepungua ananiuliza hayo mengine nimemwachia nani njiani.

Alikuwa wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Ukitaja Kagera na miaka ya themanini, wenye umri wangu wanajua habari inaelekea wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Kabla jina hilo halijafika vijijini, watu waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Jina zuri la nguo nzuri, na waliozivaa walikuwa wazuri pia, vijana wenye fedha na nguvu. Ndio waliotangulia kufa. Kijiji kikabaki na ncha mbili, wazee na watoto, katikati hamna mtu.

Kwa bibi tulifika watano, kwa mafungu. Kwanza mimi na dada yangu, kisha watatu wa shangazi. Lile fungu la pili nalikumbuka vizuri. Matanga yamekwisha, ukoo umekaa uani, wanagawa vya marehemu: baiskeli kwa huyu, koti kwa yule, kipande cha kibanja kikazungumzwa kwa muda mrefu na kwa sauti za juu. Walipofika kwa watoto, sauti zikashuka. Hakuna aliyesema neno. Wazee wote wakageuka, wakamtazama bibi, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Naye hakusema kitu. Aliinuka, akaenda jikoni, akateremsha sufuria ndogo ya maharage, akabandika kubwa.

Kwa muda mrefu tukio hilo nilikuwa nikilisimulia kama habari ya upendo wa bibi. Siku hizi nikilisimulia nasikia aibu, kwa sababu nimegundua kitu ambacho utotoni sikukiona: hakuna aliyemwuliza.

Kulea kwenyewe kulikuwa hivi. Alikuwa na mibuni yake michache, imejificha kati ya migomba. Mwaka wa shule ukikaribia, na michango na sare na madaftari vikidai, kahawa ingali mtini bado. Basi anauza butura. Wa Kagera mnaijua butura. Kwa wengine ni kwamba unaiuza kahawa ikiwa mbichi, au maua tu, kwa mtu mwenye fedha mkononi, na bei ni anayoitaka yeye. Msimu ukifika anakuja na magunia kuvuna shambani kwako, wewe umesimama unatazama. Bibi aliuza butura miaka minne mfululizo ninayoikumbuka. Ada ya shule za msingi ilipokuja kufutwa, miaka ya mwanzo ya 2000, sisi tulikuwa tumeshamaliza, na mibuni ilikuwa imeshachoka.

Chumvi aliitia mwenyewe, kwa vidole vitatu, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa kopo. Mwaka 2003, huko huko Muleba, pale Nshamba, lilianza shirika dogo liitwalo Kwa Wazee, likawa linawapa mabibi wenye wajukuu pensheni kidogo kila mwezi. Baada ya miaka mitano matokeo yakaandikwa kitabuni, na kitabu kikaitwa kwa vitu ambavyo fedha ile ilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Niliposoma jina hilo niliona vile vidole vitatu. Watu wa nje wakidhani ni jina la kupendeza, sisi tuliokula kwenye sufuria ile tunajua ni orodha ya dukani.

Sasa, turudi kwenye lile tusi la kudekezwa. Kwetu, na nadhani kwenu pia, bibi ni mtani. Babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu." Bibi humwita wa kiume "mume wangu," na wa kike "mke mwenzangu," na wanagombana kwelikweli juu ya babu nani ampikie. Mtoto akiponzwa na utundu wake nyumbani, hukimbilia mgongoni kwa bibi, na fimbo ya baba haivuki kizingiti kile. Huko ndiko kudeka tunakokucheka, na kulikuwa na mahali pake: wazazi wanakaza, bibi analegeza, mtoto anapata pumzi.

Mwondoe mzazi. Bibi anabaki na kamba zote mbili mkononi, na mwenye watoto watano na chumvi ya kupima kwa vidole hana nafasi ya kulegeza. Bibi yangu hajawahi hata siku moja kuniita mume wangu. Wajukuu wa jirani, waliokuwa na baba yao na mama yao, walikuwa wakiitwa hivyo na bibi yao kila jioni, na mimi nasikiliza nikiwa upande wa pili wa migomba na wivu umenikaba. Ndipo nasema, na mtanisamehe kama ni neno zito: mtoto anayelelewa na bibi hana bibi. Amepata mama. Yule mwingine, wa utani na ndizi mbivu zilizofichwa chini ya kitanda, amemkosa.

Lakini nisije nikamfanya msikilizaji adhani kwamba bibi kulea ni ajali ya misiba. Ni kazi ya zamani sana. Wapo ndugu zetu Wahadzabe, kule Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Katika miaka ya themanini watafiti kutoka Marekani, Kristen Hawkes na wenzake, walikaa nao wakipima nani analeta chakula kiasi gani na watoto wanaongezeka uzito vipi. Wakakuta jambo ambalo mwanamke yeyote wa kijijini angewaambia bure: mama akijifungua, anapunguza kwenda kutafuta, ana kichanga. Yule mtoto aliyetangulia, aliyeachishwa ziwa juzi tu, uzito wake haufuati tena juhudi ya mama. Unafuata juhudi ya bibi, mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi lakini bado anashinda porini na mti wake uliochongwa ncha, anachimba. Mwishoni mwa miaka ya tisini wakaandika hoja yao kubwa: kwamba huenda binadamu wa kike anaishi miaka mingi baada ya uzazi kwa sababu hiyo, kwamba mabibi waliochimba ndio waliokuwa na wajukuu waliopona. Wapo wataalamu wanaowabishia, waache wabishane. Mimi kilichonishika ni yule mtoto aliyetangulia, ambaye mikono ya mama haimtoshi tena.

Maana siku hizi wazazi hawajafa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na vile vifo vya mfululizo vikapungua, Mungu ashukuriwe. Ila nenda kijiji chochote sasa hivi, Upareni, Usambaani, Ugogoni, keti chini ya mti karibu na shule ya msingi saa ya kutoka, uwaulize wanakokwenda. Kwa bibi. Kwa bibi. Kwa babu na bibi. Baba yuko Geita machimboni, mama anauza mitumba Dar. Au mama yuko Oman, anafanya kazi za ndani, analea watoto wa wenzake huko Muscat na wa kwake wanalelewa Tanga. Sheria ya kazi inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, mia moja akijifungua pacha. Siku ya 85 ipo, na haina jina kwenye sheria; jina lake nyumbani ni bibi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa uzazi aruhusiwe kurudi darasani. Nililipokea kwa furaha tangazo hilo na bado nalifurahia. Jioni yake nikajiuliza, huku nimeshika kikombe cha chai: na kichanga anabaki na nani saa hizo mama yuko kwenye hesabu? Mnajua jibu. Na bibi huyo ana umri gani? Mara nyingine miaka 38. Hana mvi hata moja, naye bado ana mtoto wake wa mwisho mgongoni.

Babu wapo pia, sijawasahau. Namjua mmoja hapa mtaani anayesuka nywele za mjukuu wake mwenyewe kila Jumapili, mistari imepinda, lakini anasuka.

Nimesema habari za watu, sasa niseme yangu. Mwaka mmoja mke wangu alijifungua mtoto wa pili. Wa kwanza, wa kike, ana miaka mitatu na nusu. Dada wa kazi alikwenda kwao Idd, hakurudi, na simu hapokei. Mke wangu siku zake zinakwisha kazini. Tukakaa kitandani usiku, tukakubaliana, dakika kumi hazikufika. Akapiga simu kwa mama yake, Korogwe, akaweka sauti kubwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, Jumamosi tunamleta huyu mkubwa."

Kimya. Nilidhani mtandao. Kisha: "Haya. Mleteni."

Nilishusha pumzi, nikalala vizuri usiku ule. Mimi, mtoto niliyeona sufuria kubwa ikibandikwa! Jumamosi tukapanda basi pale Mbezi, begi moja la nguo, mwanasesere mmoja asiye na mkono, tukamkabidhi. Kila mwezi nikawa natuma shilingi 50,000 na kujiona baba mwema.

Mwezi wa saba nikaenda kumsalimia. Nikaingia jikoni kutafuta maji, nikaona chuma cha vitumbua kimetundikwa ukutani, vishimo vyake vimeanza kutu, buibui amejenga katikati. Mama mkwe vitumbua vyake vilikuwa vinajulikana stendi nzima. Analoweka mchele jioni, saa tisa usiku yuko macho, saa kumi na moja mabasi ya kwanza yanamkuta na beseni. Nikamwuliza, "Mama, vitumbua vipi siku hizi?" Akasema, "Aa, mkono huu unanisumbua." Na mkono ule ule ukambeba mjukuu wa miaka minne kutoka uani hadi sebuleni.

Shemeji yangu ndiye aliyeniambia ukweli, tukiwa tumesimama nje. Mtoto wa umri ule hawezi kuachwa peke yake ndani saa kumi usiku, na hawezi kupelekwa stendi kwenye baridi na moshi. Kwa hiyo vitumbua viliisha wiki ile ile tulipomleta. Vitumbua vilipoisha, hisa za kila wiki kwenye kikoba zikaanza kumshinda, na baada ya miezi mitatu akajitoa. Alikuwa mweka hazina wa kikundi. Miaka sita. Halafu shemeji akaongeza, kwa upole ulionichoma kuliko ukali: "Na ile elfu hamsini, shemeji, huwa huweki ya kutolea."

Kuna pia habari ya homa. Usiku mmoja mtoto alichemka, mama mkwe akamfunga mgongoni akapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Pale wakataka kadi ya bima, wakataka kadi ya kliniki waone chanjo, wakauliza yeye ni nani kwa mtoto. Kadi zote ziko Dar, kwenye droo, tulizihifadhi zisipotee. Simu yake ni kitochi, haipokei picha. Ikabidi picha za kadi zitumwe kwenye simu ya kijana wa bodaboda, saa tano za usiku, naye aingie nayo hadi dirishani. Mtoto alipona. Lakini lile swali, yeye ni nani kwa mtoto, tulikuwa tumemwacha alijibu peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika mzazi matunzo: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Mzigo huo hauhami kwa sababu begi limepanda basi.

Watasema serikali ifanye kitu, na ni kweli ifanye. Zanzibar Aprili 2016 walianza kumpa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza alikuwa mtumishi au mvuvi, na kiasi hicho kimeongezwa tangu hapo. Kenya wana Inua Jamii, shilingi 2,000 zao kwa mwezi, miaka 70 pia. Huku bara tuna TASAF kwa kaya maskini, na dirisha la wazee hospitalini, pensheni ya kila mzee bado. Naiunga mkono. Ila miaka 70 ni mbali kwa bibi wa miaka 38, ni mbali hata kwa mama mkwe wangu, na hakuna serikali itakayokuja kuniwekea ya kutolea.

Kinachonishangaza ni adabu zetu. Sisi kwenda kuomba mke tunatuma mshenga. Tunabisha hodi, tunakaa pale tunapooneshwa, tunazunguka na maneno, tunakubali kutozwa faini kwa kukosea salamu. Kuazima jembe kwa jirani tunaanza na habari za nyumbani. Lakini kwenda kuchukua miaka mitatu ya nguvu za mwisho za mwanamke aliyekwisha kulea watoto wake saba, tunapiga simu: Jumamosi tunamleta. Na tunaiita heshima, tunasema bibi anapenda wajukuu, atafurahi, atapata wa kumtuma chumvi. Anapenda, ndiyo. Kwa kuwa anapenda, hatakataa. Na sisi tunajua hatakataa, ndiyo sababu hatuulizi.

Nilirudi ndani siku ile, nikakaa kwenye mkeka, maana kwenye kiti nisingeweza. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba utulelee mtoto." Alinitazama kwa muda. Mtoto mwenyewe alikuwa ameegemea paja lake, anakula embe bichi na chumvi. Mama akasema, "Umechelewa miezi saba, lakini karibu." Kisha akatoa masharti, na alikuwa nayo tayari, hakutafuta hata moja: kadi zote zije kesho kwa basi, na za asili, si picha. Barua ya sisi wazazi, yenye sahihi, ipitie kwa mwenyekiti wa kijiji. Fedha ije na ya kutolea, na ikichelewa nimwambie mapema asikae anatazama simu. Binti yake ampigie mtoto kila jioni, si Jumapili tu, kwa sababu mtoto ameanza kumwita mama yake kwa jina, kama anavyosikia bibi akimwita. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo. Nilipolifikisha nyumbani, mke wangu alitoka akaenda kukaa bafuni.

"Na Januari inayokuja," akamaliza, "ataanza awali huko kwenu. Mimi nataka chuma changu."

Nikauliza kama ningeweza kutafuta msichana wa kumsaidia alfajiri, vitumbua virudi hata kabla ya Januari. Akasema ngoja afikirie, akamtaja mtoto wa jirani aliyemaliza darasa la saba, tukapatana mshahara. Mwezi uliofuata mabasi ya kwanza yakamkuta tena na beseni. Kwenye kikoba walimrudisha, ila uhazina ulikuwa umeshachukuliwa.

Muda wote ule alipokuwa naye, mtoto alikuwa akiitwa kwa jina lake, kavu, wakati mwingine kwa "wewe" tu: wewe njoo unawe, wewe shuka hapo. Januari tukaja kumchukua. Hapakuwa na mengi. Mama alitufungia maembe, akarudi ndani kabla basi halijaondoka.

Wiki ya pili simu ikaita usiku, nikapokea mimi. Nikamwamkia. Akaitikia haraka, hakuuliza habari za mvua wala za kazi.

"Hebu mpe simu mke mwenzangu," akasema. "Nasikia huko anaringa kwamba kajifunza kupika."